Uliza Tujibu: Grupu la Picha Limepoa, Tulifanyeje?

Wiki hii barua zimetoka magharibi tupu, Kigoma na Tabora, na karibu zote zinagusana ndo maana nimeziweka chungu kimoja. Nimezipunguza kidogo maana kuna mmoja ameandika mpaka aina ya chaji ya simu yake. Tuendelee.

SWALI: Watu wanaangalia tu, hawaposti

Habari za kazi. Mi ni kijana wa Gungu hapa Kigoma, napiga picha za nje, yaani ziwa, milima, ndege, mitumbwi, sio za harusi. Mwaka jana tulianzisha grupu la WhatsApp la wapiga picha wa mazingira, mwanzoni lilichangamka hatari, watu walikuwa wanamwaga picha kutwa nzima, sasa hivi limepoa. Ni mimi na wenzangu wawili ndo tunaweka, wengine wanapita na kialama cha moto basi. Matangazo ya mikopo yamezidi picha. Nihamie Telegram? Nifungue akaunti Instagram? Au niwaondoe wote wasioposti tubaki wachache? *Msomaji, Gungu*

JIBU

Kaka wa Gungu, usimwondoe mtu. Kuna bwana anaitwa Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni, kati ya watu 100, kama 90 wanaangalia tu, 9 wanachangia siku moja moja, na 1 ndo anaweka karibu kila kitu. Sasa tuseme mko 200 na mnaoweka picha ni watatu, hapo hamjaharibikiwa, ni hesabu ya kawaida kabisa. Huyo anayeangalia kimya kimya ndo huyo huyo siku ukisema jumamosi tunaenda Katonga anatokea na soda mkononi. Na kuhama usihame. Ukihamisha grupu lililopoa unahamisha ubaridi, na nusu ya watu wanapotelea njiani.

Tatizo naliona sehemu nyingine. Jiulize, mtu akiweka picha ya jua linazama pale Bangwe, wewe memba unatakiwa useme nini? Utasema "kali". Kesho mwingine ataweka jua lile lile, utasema "kali sana". Kesho kutwa huna la kusema tena, na ukweli huna kosa. Grupu linakuwa kama ukuta wa saluni ya kunyoa, picha kibao za mitindo, kila anayeingia anazitazama na hakuna anayeongea nazo. Watu wanaongea pale wanapokuwa na kazi moja wanayoifanya pamoja, na kazi yenyewe iwe ya hapo mlipo, kitu ambacho mtu wa Arusha hata akiwa na kamera ya mamilioni hawezi kuwafanyia.

Na nyie kazi mnayo mlangoni. Miaka hii ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda, kila mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, anajua, kuna sehemu watu walikuwa wanaanika dagaa leo mitumbwi inaelea. Ziwa hili lina urefu wa kama kilomita 670 na kina kinachofika karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi, halafu mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua ikizidi maji hayana haraka ya kwenda popote. Chagueni sehemu chache, Kibirizi, Katonga, Bangwe, pale Ujiji, kila sehemu iwe na jiwe au mti au kona ya nyumba ambayo haihami. Kila mwezi mtu mmoja anasimama pale pale, anaelekeza simu kule kule, anapiga. Basi. Huyu hajui lensi, yule ana simu ya kioo kilichopasuka, hiyo kazi wote wanaiweza. Halafu waombeni memba waulize nyumbani kwao, kwa wazazi, kwa mabibi, kuna albamu za zamani zimefunikwa na vumbi juu ya kabati, picha za sikukuu watu wamejipanga ufukweni mwaka themanini na kitu, nyuma yao unaona maji yalikuwa wapi. Mkiweka hiyo ya zamani na ya leo pembeni yake, hapo ndo utaona wale 90 wanafungua mdomo. "Huyo si marehemu mzee fulani?" "Hapo palikuwa na mwembe!" Sasa mna grupu.

Hilo la kwanza. La pili, mpeane ujuzi wa hapa hapa, maana mafunzo mengi ya kupiga picha yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu ambao bahari yao iko mashariki au hawana kabisa. Kigoma ziwa liko magharibi. Asubuhi jua linatoka nyuma ya milima yenu, linapiga usoni mwa boti zinazorudi na dagaa, kwa hiyo sura za watu, rangi za mbao, maji yanayodondoka kwenye nyavu, vyote vinaonekana. Jioni ni kinyume chake, jua linazamia milima ya Kongo na kila kitu mbele yako kinakuwa kivuli cheusi, kizuri kwa umbo la mtumbwi, kibaya kwa uso wa mtu. Nashangaa wapiga picha wengi wa Kigoma wanajua jioni tu, asubuhi wamelala! Na jua lenu linazama saa moja na kitu, kama dakika 40 nyuma ya Dar, kwa hiyo hata kama mna ndugu wa Dar kwenye grupu unaweza kutengeneza mchezo wa siku moja, wao wanaposti machweo yao, nyie ndo kwanza mnashuka ufukweni.

Na taa za wavuvi usiku, ile picha kila mtu anaitaka. Memba mpya anaenda siku ya mbalamwezi akidhani mwanga utamsaidia, anakuta ziwa tupu, anarudi amenuna. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza, mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti samaki vizuri kwa hiyo wengi wanapumzika. Nenda siku za giza, weka simu juu ya jiwe usiishike na mkono, tumia saa ya kuchelewesha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise, na kumbuka boti inayumba kwa hiyo ukiacha muda mrefu sana taa inakuwa mstari badala ya nukta. Na muulize mvuvi kabla ya kupanga safari maana kuna vipindi ziwa linafungwa, 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, taa hakuna. Ila hapo sasa ndo wakati wa kupiga watu wanaoshona nyavu na mafundi wanaoziba boti, kazi ambazo msimu wa uvuvi huzioni vizuri. Vivyo hivyo kiangazi, moshi wa mashamba unafunika mpaka hauioni Kongo kabisa, watu wanalalamika kwamba picha hazitoki. Subirini mvua za mwanzo zioshe anga, milima ya ng'ambo inatokea utadhani imesogea usiku.

Kalenda ya namna hiyo, mwezi gani kuna nini, ikiandikwa na memba wenyewe kidogo kidogo, ina thamani kuliko picha mia. Iandikeni mahali isipotelee juu, WhatsApp inameza kila kitu.

Tatu, kuongea kuhusu picha. Hapa sina huruma. Pigeni marufuku "kali" kwa siku moja ya wiki, chagueni jumatano au yoyote ile, siku hiyo anayetaka kusema kitu lazima amuulize mwenye picha swali. Ulisimama wapi? Kwa nini ulimkata huyo mtoto miguu? Ungesubiri mtumbwi usogee ingekuwaje? Mwenye picha naye aseme alichokuwa anakitafuta. Mtu akijibiwa kwa heshima mara mbili tatu anakuwa wenu. Na asiyetaka kukosolewa aseme mapema, aachwe, si kila mtu kaja kusoma.

Kuhusu ubora, WhatsApp inabana picha ili isile bando, ndo maana yako ya saa kumi na mbili alfajiri inaonekana kama imepigwa na ukungu. Itume kama dokumenti itafika ilivyo, au chagua ile ya HD angalau. Telegram nayo ukiituma kama faili inafika nzima bila kukatwa, kwa hiyo unaweza kuiacha WhatsApp iwe baraza la maongezi na Telegram iwe kabati la kuhifadhia, sio kuhama, ni kuongeza chumba. Zile za mradi wa ziwa mkiwa tayari ziwekeni Wikimedia Commons, ile hazina ya picha ya mtandaoni, pale zinakaa wazi na mtu yeyote anazitumia kwa sharti la kutaja jina lako. Kuna shindano linaitwa Wiki Loves Africa lilianza 2014, ni kila mwaka na kila mwaka lina mada yake, kushiriki ni bure. Ila someni masharti kwanza maana ukishaachia picha pale huwezi kuirudisha kabatini ukasema nimeghairi, na hilo wengi wanaligundua wamechelewa.

Instagram fungueni mkitaka, iwe dirisha la nje. Ila msije mkaanza kupigia picha laiki, mtaishia kwenye jua lile lile la Bangwe.

Halafu kaka kuna watu umewasahau, na barua yako nzima haijawataja. Wale mnaowapiga. Mama wa kuanika dagaa, kijana wa nyavu, mzee wa mawese. Picha yake imezunguka simu mia mbili yeye hajaiona. Kwanza omba, tena kabla sio baada, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na sura ya mtu si mali ya mpiga picha, lakini hata kama sheria isingekuwepo, unamshikia mtu simu usoni bila hata shikamoo, wewe umelelewa wapi? Pili chapisheni. Mchango kidogo wa kila memba, mnaenda studio mnasafisha picha kumi, mnazirudisha mwaloni kwa wenyewe. Mkirudi mara ya pili mtaitwa kwa majina, mtaambiwa kesho njooni mapema kuna boti mpya inashushwa, na wengine watataka namba ya grupu. Mvuvi mmoja ndani ya grupu anayesema "leo upepo mkali msije" ana faida kuliko wapiga picha kumi.

Mkienda Gombe, na muende maana boti zinatoka hapo hapo Kibirizi na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, mwenye mafua abaki nyumbani. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na yanawaua. Barakoa mnavaa, mnakaa mita 10 kutoka kwa mnyama, flashi mnazima. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960 na ilimchukua miezi mpaka sokwe wamzoee, kwa hiyo na wewe ukikosa picha siku ya kwanza usimlaumu muongozaji.

Matangazo ya mikopo, weka kipengele kimoja kwenye maelezo ya grupu, mara ya kwanza anaonywa mara ya pili anatolewa. Tafuta admini wa pili na wa tatu, usibebe peke yako.

SWALI: Asali ya mzee imevunwa

Mwangaluka. Niko Tabora, tuna grupu letu dogo la watu wanaopenda msitu, tunapiga miyombo, ndege, uyoga, mizinga. Majuzi memba kaweka picha ya mizinga ya mzee mmoja, wiki haijaisha asali ikavunwa na watu wasiojulikana. Mzee anasema grupu ndo limemuuza. Memba anaapa hakuandika ni wapi. Nani mkweli? *Msomaji, Tabora*

JIBU

Mwangaluka dada, au kaka, hukusema. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Simu nyingi ukipiga picha inaandika ndani ya faili mahali ulipokuwa umesimama, huoni lakini ipo. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hayo maelezo yanafutwa, lakini ukiituma kama dokumenti, njia ambayo nimetoka kumshauri mwenzako wa Kigoma hapo juu, yanakwenda yote, na mtu anayejua anafungua tu ramani inampeleka mpaka chini ya mti. Kwa hiyo muulize huyo memba alituma vipi. Dawa yake ni kuzima "location" kwenye mipangilio ya kamera, sio ya simu nzima, ya kamera.

Ila hata bila hayo, picha inaongea. Kuna njia ya baiskeli, kuna kichuguu cha umbo fulani, kuna alama ya mwenye mzinga imechorwa pale pale. Mtu wa kijiji hicho hahitaji ramani, anatambua mti. Siwezi kusema aliyeiba aliona kwenu, labda alikuwa anaiwinda tangu msimu uliopita, lakini mzee ana haki ya kuuliza na nyie nendeni mkamwone, watu wazima wawili watatu, sio ujumbe wa simu.

Kisha mkubaliane utaratibu. Mizinga picha itoke baada ya mavuno. Viota hakuna kutaja zaidi ya wilaya. Programu ya iNaturalist, ile ya kutambua mimea na wanyama, yenyewe kwa viumbe walio hatarini inaficha mahali halisi na kuonyesha eneo pana tu, nyie fanyeni hivyo hivyo kwa mkono. Na tumieni hiyo programu, maana uyoga wa Tabora mnaopiga kila masika mkiuweka pale na majina mnayoyajua ya Kinyamwezi, watu wa mbali watawasaidia jina la kitaalamu. Sio ruhusa ya kula lakini! Uyoga huuli kwa sababu simu imesema.

Mzee mwenyewe akitulia muombeni awe anawatumia sauti. Anayeweka mizinga anajua mti gani unachanua lini, na hiyo ndo ratiba yenu. Mwezi wa tisa na wa kumi miyombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata mvua haijanyesha, msitu mzima unakuwa rangi ya shaba, watu wanakaa ndani wanasubiri kijani. Kwani nani kawaambia picha ya msitu lazima iwe kijani?

SWALI: Mimi ni binti, safari zao ni usiku

Shikamoo. Nipo Ujiji, nimejiunga na grupu la picha ila safari zao zote ni alfajiri au usiku na wote ni wanaume, nyumbani hawaniruhusu. Nifanyeje? *Msomaji, Ujiji*

JIBU

Marahaba mwanangu. Nyumbani wana hoja yao, usigombane nao kwa ajili ya machweo. Wewe mwandikie admini waziwazi, mwambie aweke safari moja kwa mwezi ya mchana na admini mmoja awe mwanamke, maana kama grupu lina wanawake na hakuna hata mmoja anayeenda safari basi ni grupu la wanaume lenye watazamaji. Mwanga wa saa sita ni mkali kweli ufukweni, lakini Ujiji mna ile mitaa ya zamani, mabaraza, milango, na miembe mikubwa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, kivuli kimejaa na uso wa mtu kwenye kivuli cha mchana unatoka laini kuliko wa jua la jioni. Anza na dada zako na marafiki wawili watatu, pigeni jirani, posti, sema mmepiga saa ngapi na wapi. Usiombe radhi kwamba ni mchana.

SWALI: Droni

Nimeletewa droni na ndugu yangu, naweza kuirusha juu ya bandari ya Kigoma nipate picha ya grupu? *Msomaji, Mwanga*

JIBU

Hapana. Droni Tanzania inahitaji kibali, anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukiirusha bila hicho kibali inaweza kukamatwa pamoja na wewe. Bandari, uwanja wa ndege, na maeneo ya jeshi usiyaguse hata ukiwa na simu tu. Kambi za wakimbizi nazo hauingii kupiga picha bila ruhusa ya serikali. Wakati unashughulikia karatasi, panda mlimani kwa miguu, mji wenu wote uko kwenye miteremko.